Jino la Kitinda

Mpelelezi alimwambia maneno hayo huku akichovya mkate kwenye chai, na hilo ndilo lililomkera Fundi kuliko yote.

"Huyo wa stoo ni mwizi, dada yangu. Aliingia kuiba vitambaa, akawasha kiberiti apate mwanga, moto ukamla. Mdogo wako atakuwa kaenda zake mahali. Wasichana wa siku hizi si unawajua."

Fundi alikuwa amesimama, maana hakuna aliyemkaribisha kiti. "Mwizi gani anaingia kuiba mchana kweupe, kiwanda kizima kipo kazini?"

"Wezi siku hizi hawana haya," alisema mpelelezi, akamalizia mkate wake.

Mtaani walimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake, aliyoiweka kwenye kibaraza cha duka la dawa na kushonea watu wa kila namna, kuanzia maharusi hadi wachinjaji. Alikuwa na mdogo mmoja tu, kitindamimba wa mama yao, na ndiyo maana kila mtu alimwita Kitinda. Kitinda alikuwa mwepesi wa mikono na mzito wa maneno. Tangu utotoni alikuwa na kigugumizi kibaya. Neno likimkwama, lilimkwama hadi mishipa ya shingo ikamtoka, na akiwa na hofu ndipo lilipokataa kabisa. Kwa hiyo alizoea kunyamaza mbele za watu na kucheka kwa macho. Kazi yake ilikuwa kwenye kiwanda cha sare za shule, kile kilichoungua. Asubuhi ya moto alitoka nyumbani na aproni yake ya buluu begani, Fundi akimtazama kwa macho yake mwenyewe. Hakurudi.

Lakini Tajiri, kama wafanyakazi walivyomwita mwenye kiwanda, alikuwa ameshawaambia polisi kwamba watu wake wote walitoka salama, na kwamba huyo msichana aliacha kazi kabla ya moto. Hata majivu hayajapoa, alileta tingatinga likafagia kila kitu: kuta, mashine, na mlango wa stoo pamoja na kufuli lake. Kilichobaki ni mwili mmoja uliookotwa kwenye stoo ya vitambaa, ulioungua kiasi kwamba mhudumu wa chumba cha maiti alimkataza Fundi asiutazame. "Hutamwona mtu pale, dada," alimwambia. "Utajiumiza bure."

Fundi alikwenda hadi getini kwa Tajiri. Wanawake waliokuwa wakishona na Kitinda walikuwa wamehamishiwa karakana yake ya pili, ng'ambo ya kiwanda kilichoungua, na walipomwona hapo getini waliinamisha vichwa kama watu waliodondosha sindano. Mnyapara wao, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, alimjibu bila kumtazama.

"Alishaacha kazi huyo."

"Aliacha lini?"

"Aliacha tu. Muulize Tajiri."

"Nakuuliza wewe uliyekuwa unamsimamia."

Mnyapara aligeuka akaingia ndani. Fundi alibaki getini, mikono imekunjwa ngumi. Alijua kwamba akimfuata ataitwa mwendawazimu, na mwendawazimu hana kesi. Alirudi kwa mpelelezi. Akarudi tena kesho yake, na keshokutwa, akasimama mlangoni kama mdai, hadi mpelelezi alipochoka kumwona akamruhusu aende maabara ya serikali. "Nenda wakupime, uniondokee," alisema. "Ukikuta si mdogo wako, utaniomba radhi."

Mtaalamu wa vinasaba alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye macho yaliyochoka na koti jeupe lililopasuka mfuko. Alimpa Fundi kiti. Alichukua kijiti chenye pamba nchani, akamsugua ndani ya shavu, kushoto na kulia, kisha akakiweka kwenye bahasha.

"Mate tu?" Fundi aliuliza. "Na huyo aliyeungua mtampima nini, na mate hana?"

"Jino. Gego la nyuma. Moto unakula nyama na kuchoma mifupa, lakini gego limejificha ndani ya taya, na lenyewe lina ganda gumu. Nikilipasua, ndani naweza kupata kidogo kilichosalia."

"Kidogo hicho kinasema jina la mtu?"

Mtaalamu alivuta kiti chake karibu. "Jina hakisemi. Sikiliza. Ndani ya mwili wako kuna maandishi marefu sana, yenye herufi nne tu. Sehemu kubwa mimi na wewe tunafanana. Ila kuna mahali fulani fulani ambapo kipande kifupi kinajirudia, kinajirudia, kinajirudia, kama mtu anayeandika neno moja mfululizo. Mahali hapo kwako kinaweza kujirudia mara tisa, kwangu mara kumi na nne. Na kila mahali una hesabu mbili, moja umepewa na baba, nyingine na mama."

"Wenye tisa si watakuwa wengi?"

"Wengi mno, kama wanaovaa viatu vya namba ileile. Ndiyo maana sisomi mahali pamoja, nasoma zaidi ya ishirini. Wa kulingana na wewe mahali pamoja utampata sokoni hapo nje. Wa kulingana na wewe kote humpati duniani, labda uwe na pacha wa kufanana. Na uzuri wake, vipande hivi ni vifupi. Moto ukiyakatakata yale maandishi marefu, vifupi vingine vinapona."

Fundi alielewa. Alichotaka kujua ni kimoja tu, na alikisubiri kwa siku nyingi zilizomkausha midomo. Mtaalamu alipomwita tena, uso wake haukuwa wa mtu mwenye jibu.

"Ni mwanamke," alisema. "Na inaelekea mmezaliwa tumbo moja. Lakini neno 'inaelekea' siwezi kulipeleka mahakamani. Ndugu wawili wanachota kwenye chungu kimoja, ila kila mmoja anachota chake. Kuna mahali mmefanana, kuna mahali kila mtu na lake. Wakili mzuri ataniuliza kama hawezi kuwa binamu, au mtu baki aliyebahatisha. Niletee mzazi. Mzazi lazima ampe mtoto hesabu moja kila mahali, hakuna kuruka."

"Baba alishafariki."

"Basi mama."

Mama alikuwa anafua shuka za Kitinda. Alikuwa amezifua juzi, na juzi yake pia, na kamba ya uani ilikuwa haina nafasi. Fundi alimweleza yote, kijiti na pamba na jino. Mama aliendelea kusugua.

"Sifungui mdomo," alisema.

"Mama, ni mate tu. Hata hayaumi."

"Nimesema sifungui. Unataka niwape mate yangu ili waniambie mwanangu amekufa? Kama hajafa, wasinitemeshe. Kama amekufa, nani kakuambia nataka kujua?"

"Watamzika kama mwizi."

"Watamzika huyo mwizi wao. Mimi mwanangu si mwizi, kwa hiyo huyo si mwanangu. Limekwisha."

Hapo Fundi aliwaka. Siku zote hizo alikuwa ameimeza hasira getini, polisi, chumba cha maiti, na sasa ilimtokea nyumbani, kwa mtu asiyestahili. Alilipiga teke beseni, maji ya povu yakamwagika uani. "Wewe na Tajiri mnasema maneno yaleyale," alifoka. "Yeye anasema si mfanyakazi wake, wewe unasema si mwanao. Sasa yule aliyelala kwenye jokofu ni wa nani? Ameanguka kutoka mbinguni?"

Mama aliinuka polepole, mikono ikidondosha maji, akamzaba kofi. Tangu Fundi awe mtu mzima hakuwahi kupigwa. Wakatazamana, hakuna aliyelia. Kisha Mama akaokota beseni, na Fundi akaenda kukaa kibarazani kwenye cherehani yake, akashona mshono mmoja na kuufumua, akashona na kuufumua.

Huenda mambo yangeishia hapo, kama Tajiri mwenyewe asingejipalia makaa.

Alikuja mchana wa siku ya mapumziko, harufu nzuri ya manukato ikimtangulia hadi mlangoni. Viatu vyake viling'aa, na alivua miwani kwa heshima. Fundi alikuwa ndani anapasi suruali ya mteja. Mama alimkaribisha kiti pekee chenye mto.

"Mama yangu, nimekuja kukupa pole na kukutoa wasiwasi," alisema Tajiri, kwa sauti ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. "Nasikia dada mtu anahangaika polisi na maabara. Hana haja. Msichana wetu mzima kabisa. Mimi mwenyewe nimemwona stendi ya mabasi, siku chache baada ya ule moto, anasafiri na kijana mmoja."

Pasi ilisimama juu ya suruali. Fundi alimwona mama yake akifumba macho, na uso wake ukilainika kama haujawahi kupatwa na jambo.

"Umemwona?" Mama alinong'ona. "Mwanangu umemwona?"

"Kama ninavyokuona wewe."

"Alikusalimia?"

"Tena vizuri. Tukaongea kwa kirefu. Unamjua mwanao, mdomo kama cherehani. Akaniambia, mwambie mama asinitafute, nimepata mtu, tutarudi kuja kujitambulisha. Akacheka, akapanda basi."

Mama alifumbua macho.

"Aliongea hivyo? Mfululizo?"

"Mfululizo, mama. Msichana mchangamfu yule."

Harufu ya kitambaa kuungua ilijaa chumba, kwani Fundi alikuwa amesahau pasi. Aliinyanyua haraka. Mama hakugeuka hata kutazama. Alikuwa akimwangalia Tajiri, na kile kilichokuwa kimelainika usoni kilikuwa kinakaza tena, kidogo kidogo, hadi kikawa jiwe.

"Amekufanyia kazi misimu miwili," alisema. "Kila asubuhi anapita mbele yako. Hujawahi kumsikia hata akisema shikamoo."

Tajiri alitabasamu bila kuelewa. "Vipi, mama?"

"Mwanangu ana kigugumizi. Jina lake mwenyewe linamchukua muda kulitamka. Kwako wewe mgeni, mbele ya watu wa stendi, asingetoa hata neno moja." Alisimama. "Toka kwangu."

"Mama, labda nimemfananisha..."

"Toka, kabla sijachukua hiyo pasi."

Tajiri alitoka na manukato yake. Mama alibaki katikati ya chumba, akipumua kama aliyepanda mlima, kisha akafungua sanduku na kutoa kitenge chake cha heshima. Akajifunga. "Hiyo maabara iko wapi?" aliuliza.

Kwa kuwa ilikuwa siku ya mapumziko, walilazimika kungoja hadi kesho. Mama hakukivua kile kitenge, akalala nacho. Asubuhi alikaa mbele ya mtaalamu, mgongo umenyooka, akafungua mdomo wake wote, meno na mapengo, huku machozi yakimtiririka na macho yakitoa cheche.

"Chukua, mwanangu," alisema kijiti kilipotoka. "Chukua ya kutosha. Ukitaka damu, damu hii hapa. Ukitaka jino, ng'oa."

"Mate yanatosha, mama," mtaalamu alisema taratibu.

Majibu yalisomwa ofisini kwa mpelelezi. Tajiri alikuja na wakili wake, kijana mwenye tai nyembamba. Mnyapara aliitwa kama shahidi wa kwamba Kitinda aliacha kazi, akakaa pembeni karibu na dirisha, funguo zake zikilia kila alipojitikisa. Safari hii Mama alipewa kiti.

Mtaalamu hakuzunguka. "Jino la yule aliyekutwa stoo nimelisoma. Moto umeniharibia mahali kadhaa, sikupata hesabu zote. Mahali kumi na sita pamesomeka vizuri. Kote kumi na sita, hesabu moja ni ya huyu mama. Hakuna hata mahali pamoja palipokosa. Nyingine inayobaki ni ya baba, na sehemu nyingi hiyo ya baba ninaiona pia kwa huyu dada. Mahali pamoja mama ana hesabu ambayo ni adimu sana, katika watu elfu unaweza usimpate mwenye nayo. Dada anayo. Na aliyeungua anayo."

"Lakini umekiri hukusoma kote," wakili alidakia. "Moto umekula sehemu nyingine. Huenda huko kungetoa jibu tofauti."

"Moto unafuta, wakili. Hauandiki," alisema mtaalamu. "Ukikuta barua imeungua kona, maneno yaliyobaki hayageuki kuwa ya mtu mwingine. Nimepiga hesabu ya uwezekano wa mtu baki kulingana hivi na familia hii. Ungelazimika kukusanya mamilioni ya watu ili ubahatishe mmoja. Na huyo mmoja awe mwanamke, awe ametoweka siku hiyohiyo, na awe ndani ya stoo ya kiwanda alichokuwa akifanya kazi Kitinda."

Mpelelezi alikohoa. Hakuwa na chai siku hiyo. Alimgeukia Tajiri. "Uliniambia aliacha kazi. Huyu mama anasema ulimwambia umemwona stendi baada ya moto."

"Nilimfananisha," alisema Tajiri. "Na hata kama ni yeye, basi aliacha kazi akarudi kuiba. Hilo ndilo ninalosema."

Mama alifungua mdomo, lakini sauti iliyosikika haikuwa yake. Ilikuwa ya funguo zikianguka sakafuni. Mnyapara alikuwa amezivua kiunoni, na mikono ilimshinda.

"Hakurudi kuiba," alisema. "Alikuwa zamu. Mimi ndiye niliyemtuma stoo akahesabu majora."

"Nyamaza wewe," Tajiri alisema.

"Na mimi ndiye niliyemfungia. Ndivyo tulivyoagizwa. Anayeingia stoo afungiwe kwa nje, akimaliza abishe hodi afunguliwe, ili asitoe kitambaa kwa siri kuwapa wenzake. Kufuli lilikuwa la Tajiri, amri ya Tajiri. Moto ulipoanza kwenye mashine za pasi, kila mtu alikimbia. Na mimi nikakimbia. Nilikuwa na ufunguo."

Fundi alivuka chumba akasimama mbele ya Mnyapara, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake.

"Ulimsikia?"

Mnyapara aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza. Ulipokuwa unakimbia, ulimsikia?"

"Nilisikia mlango unagongwa," alisema. "Unagongwa, unagongwa. Ila hakuita. Nikajisemea, kama kuna mtu angepiga kelele, angeita jina la mtu. Nikajisemea labda ni vitu vinaanguka."

Mama alitoa mlio ambao Fundi hakuwahi kuusikia kwa binadamu. Fundi alimkamata Mnyapara kwa kola, akamsukuma ukutani, na ngumi yake ya kulia ikapanda juu. Mpelelezi aliinuka, kisha, kwa sababu anazozijua mwenyewe, akakaa tena. Ngumi ilibaki hewani. Mnyapara hakujikinga, alikuwa analia na kamasi zikimtoka, na Fundi aliona kwamba kumpiga huyu kungekuwa kumpa nafuu. Alimwachia. Akamgeukia Tajiri, aliyekuwa ameshika simu yake akitafuta namba ya mtu mkubwa.

"Wewe ulimwita mwizi," alisema. "Ulimuunguza, ukamwita mwizi, ukaja kukaa kwenye kiti cha mama yake ukamwambia anacheka stendi. Piga simu yako. Mpigie yeyote unayemjua. Ukimaliza nitakuwa hapa."

Walimzika Kitinda kwa jina lake kamili, na Mama alidai lisomwe kwa sauti makaburini, kisha lisomwe tena. Mnyapara aliwekwa ndani siku ileile. Tajiri naye alifikishwa mahakamani, akapata dhamana kabla ya jioni, na kesi yake ikaanza ule mwendo wa kesi za wenye nazo. Leo wakili mgonjwa, kesho shahidi hajafika, keshokutwa jalada limekwenda kusainiwa. Fundi na Mama walihudhuria kila mara. Hakimu akiahirisha, watu wote walisimama isipokuwa Mama. Karani alimwambia ni utovu wa adabu. Mama akamjibu kwamba atasimama siku kesi itakapokwenda mbele.

Siku kesi ilipoahirishwa tena, Mama hakutaka kwenda nyumbani. Alitembea moja kwa moja hadi karakana ya pili ya Tajiri, Fundi akimfuata nyuma na mkoba. Wakati huo wa chakula wanawake walikuwa nje, wamekaa ukingoni mwa mtaro, na safari hii hawakuinamisha vichwa. Walikuwa wamesikia yote.

"Hapa stoo ipo?" Mama aliuliza.

"Ipo, mama," alijibu mmoja wao, mwanamke mnene aliyekuwa akikaa mashine ya jirani na Kitinda.

"Inafungwa?"

Mwanamke yule aliwatazama wenzake. "Jana nimefungiwa mimi," alisema.

Hakuna aliyetoa hotuba. Mwanamke mnene aliinuka, akakung'uta nyuzi mapajani, akaingia ndani, na wengine wakamfuata. Mnyapara mpya alisimama njiani akasema Tajiri atawafukuza wote. Wakampita kama wanavyopita nguzo. Fundi alitoa bisibisi kwenye mkoba wake, ile ya kukazia cherehani, lakini bawaba zilikuwa na kutu, kwa hiyo mmoja alileta nyundo na mwingine akaleta mguu wa chuma wa mashine. Walipiga, wakavuta, wakatukana matusi ambayo Mama alijifanya hayasikii, hadi mlango ukang'oka na kipande cha ukuta.

Wakautoa nje, watu sita wakiubeba, kufuli likiwa bado linaning'inia, na wakautupa katikati ya barabara mbele ya geti la Tajiri. Magari yalianza kupiga honi. Hakuna aliyeuondoa.